Damu Hufuliwa kwa Maji Baridi

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, Staunton, Virginia,
kabla tarumbeta haijawatoa kadeti vitandani
nimekwisha fungua mlango wa chini, chumba cha mvuke,
na magunia tisa ya jezi yananingoja
kama wagonjwa waliowahi foleni.

Mpira wao siujui. Una umbo la papai,
haudundi pale unapotazamiwa,
wanaubeba mikononi, kisha wanauita wa miguu.
Lakini msimu naujua. Naujua kwa madoa.

Agosti ni jasho: chumvi nyeupe mgongoni,
ramani za nchi zisizokuwapo.
Septemba ni majani.
Kijani cha magotini ni cha aliyeangushwa;
aliyeangusha huchafuka viwiko.
Tulichafuka magoti.
Saba kwa arobaini na tisa. Sifuri kwa thelathini na nane.
Nasema "tulichafuka." Bwana Crouse, mtunza vifaa,
hunisahihisha kila kitu isipokuwa hilo.

"Hawa wanaamka kukimbia," ananiambia, "wanasoma,
wanapiga gwaride, ndipo waje mazoezini.
Wapinzani wao wanalala."
Ni wembamba kweli. Nambari zinawakunjamana vifuani.
Asiyekubali kushindwa si mshindani, tulifundishwa,
ila hatukuambiwa ukubali mara ngapi.

Damu nayo ina Jumapili zake.
Damu haitaki maji ya moto. Ukiipa moto
inatulia ndani ya uzi, inachukua uraia.
Maji baridi, konzi moja ya chumvi, subira.
Hili sikulijifunzia Virginia.
Nililijua Uvira, kwenye karai la shangazi,
na nguo zile hazikuwa na nambari.

Wiki ya tatu ya Oktoba walisafiri, wakarudi usiku.
Hakuna aliyenieleza kitu. Nilifungua gunia la kwanza
likanukia machungwa.
Koti la kocha Haskett lilinata kama kiganja cha mtoto:
pipa zima la kinywaji lilikuwa limemiminwa kichwani mwake.
Na jezi zilichafuka migongo, zote, hata za wakaa benchi,
kwa kurundikana, kwa kulaliana
juu ya kijana mmoja, Okerlund, mpiga mateke,
ambaye jezi yake tangu Agosti
ilikuwa ikirudi safi hata nikaionea haya.
Hiyo niliifua peke yake, mashine nzima.
Ushindi mmoja. Sabuni ileile.

Novemba ilirudi na matope yake.
Sina la kusema juu ya Novemba.

Jumapili ya mwisho nambari hamsini na nne alishuka mwenyewe,
Renfro, wa mwaka wa nne,
suruali imepigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate.
Nilidhani anataka jezi yake iwe kumbukumbu; wengi huomba.
Akavua kofia. Akauliza damu inatokaje.
Mei watamvisha cheo, wampeleke wanakopeleka.
Sikumuuliza damu ya nani.

Nikamwambia: maji baridi. Chumvi. Usisugue kwa hasira,
bonyeza, kama unayembembeleza mtu alale.
"Na nikikosa chumvi?"
Mate, nikasema. Mate ya mwenye damu,
kama bado anayo.

Aliandika kiganjani kwa kalamu ya buluu,
akaniita bibi, kama walivyofunzwa,
akapanda ngazi mbilimbili.

Bwana Crouse akazima taa za upande wake.
Zangu niliziacha. Mashine ilikuwa imebakiza dakika kumi na moja,
na nyuma ya kioo hamsini na nne
ilipita, ikazama, ikapita tena.