Safu ya Sababu

Kiota namba kumi na saba, ufuko wa Kigombe,
juu kidogo ya mstari wa mwani mkavu.
Kasa alipanda usiku wa Jumanne, saa nane,
akachimba kwa makasia ya nyuma
kama mtu anayepekua sanduku gizani,
akamimina, akafukia,
akarudi majini bila kugeuza shingo.
Tukaweka vijiti vitatu, na wavu wa kumzuia kenge.

Usiku wa pili simu zikalia kijiji kizima kwa pamoja.
Kimbunga kimezaliwa kaskazini ya Bukini,
kimepewa jina zuri la kike,
kinakuja kwetu kwa mwendo wa baiskeli.
Na mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua.
*Tahadhari kabla ya hatari*, ujumbe ulimalizia.

Bi Mgeni alikuwa anafunga mabati yake kwa waya.
Akaniona napita na ndoo tupu.
"Na paa lako je?"
Paa lina misumari, nikamwambia, mayai hayana.
Akacheka. Marehemu baba yako angeyachemsha.
Kweli angeyachemsha.
Sare yangu ya kwanza ya shule
ilinunuliwa kwa mafuta ya kasa.

Mbelwa alinishikia tochi yenye mwanga mwekundu.
Yai la kasa likishalala, halipinduliwi.
Kijusi kimejibandika juu, chini ya gamba;
ukilizungusha
kinazama humo humo ndani,
hakijawahi kuiona bahari.
Basi kila moja nililitia alama ya penseli,
nukta juu,
nikalitoa kwa vidole, nukta juu,
nikalilaza ndooni kwenye mchanga mbichi,
nukta juu.
Mia moja na kumi na mbili.
Kwenye la thelathini na kitu, silikumbuki lipi,
Mbelwa alipiga chafya, mwanga ukahama,
na mkono wangu ukabaki peke yake.

Tukapanda hatua mia mbili hadi kwenye mikonge iliyosuswa,
mvua ikinichapa kisogoni,
tukachimba shimo la umbo la chungu, kina cha mkono mzima.

Usiku ule kimbunga kiligeuka.
Kiligeuka tu, kama mgeni aliyekumbuka kitu nyumbani,
kikaenda kufia kusini.
Sisi tulipata upepo wa kuangusha madafu.
Paa langu likapoteza bati mbili.
Asubuhi nilishuka ufukweni:
povu lilikuwa limekaukia hatua mbili chini ya vijiti vitatu.
Nikapima tena kwa miguu ya Mbelwa, mirefu kuliko yangu.
Hatua moja na nusu.

Siku ya hamsini na nane mchanga ukabonyea katikati
kama unga unaochotwa kwa chini.
Wakatoka sitini na tatu,
weusi, wamelowa, wana haraka ya watu waliochelewa mazishi.
Kaa walivuta wanne.
Wengine maji yaliwapokea, hayakutoa risiti.

Kisha tukafukua waliobaki.
Arobaini na tisa.
Nilizitafuta nukta, moja baada ya moja.
Penseli ilikuwa imefutika.

Daftari lina safu tano. Ya mwisho ni *Sababu*,
nyembamba, inabeba neno moja tu.
Huwa tunaandika *kenge*, huwa tunaandika *mawimbi*.
*Binadamu* tunaandika kwa wezi.
"Andika kimbunga," Mbelwa alisema.
Kimbunga hakikufika.
"Andika hivyo hivyo."

Heri nusu shari, wanasema waliolala usingizi.
Wao hawakuyafungua, yale arobaini na tisa,
hawajui harufu ya tahadhari.

Safu bado iko wazi.
Kiota namba kumi na nane kiko chini zaidi,
na bamvua ni Alhamisi.
Jana nilikwenda Tanga mjini, barabara ya kumi na mbili,
nikanunua kalamu
ya wino usiofutika.