Saa Sita Mjini Duluth

Tulianza saa kumi na mbili, theluji bado ina giza,
watu tisa katika jiko la shangazi yake Aho.
Friji nimeizima isingurume kwenye sauti,
funguo za gari nikaziacha humo ndani
nisije nikaondoka bila kuiwasha.

Mkataba wa chama uko mfukoni, umekunjwa mara nne:
bajeti ndogo, ujira mdogo, lakini ujira.
Na ikitimia saa ya sita kazini, watu wale.
Atakayewachelewesha atalipa.
Alipe nini? Aho ameshauza pikipiki.

Saa sita kasoro dakika nne Lorraine akaanza kulia.
Si kilio cha mazoezini. Kulia kwenyewe,
kijiko mkononi, pua inachuruzika,
na kamera inaona.

Aho akanitazama mimi. Mimi nikatazama saa.
Ulimi ukawa mzito kama ule mfuko wa mchanga
unaozuia taa isianguke.
Dakika mbili. Moja.
Doreen wa sauti, miaka thelathini ya kadi ya chama,
hakusema neno. Alivua kisikilizio sikio moja tu.

Nikasema: kata. Chakula.

Lorraine akafuta pua kwa kiwiko:
"Afadhali. Njaa inaniuma tangu ukurasa wa pili."

Supu tuliinywa wima. Aho hakuniongelesha.
Alasiri machozi hayakuja;
kwenye filamu anaosha kijiko tu, anaosha, anaosha.

Usiku nikafungua friji nichukue funguo.
Aisikirimu ya shangazi imekuwa maji.
Nimeiandika kwenye gharama.