Safu ya Tisa

Fomu yetu ina safu kumi na moja.
Ya kwanza, jina la meli. Ya pili, lakiri.
Ya nne, uzito. Ya saba, mwenye mali.
Ya tisa: nambari ya behewa.

Mwaka wa tatu huu naijaza kistari.
Kompyuta haitaki patupu
na reli haijafika Lamu.
Basi kistari, kistari, kistari.
Ningeviunga vyote nilivyochora
vingefika Isiolo, na vya kurudia vingebaki.

Kwetu Hindi wapima ardhi walikuja
nikiwa darasa la sita.
Wakapiga kigingi katikati ya mikorosho ya ami Bwanaheri,
wakampa karatasi, wakanywa madafu, wakaenda zao.
Kigingi kimeshika kutu. Ami hufungia mbuzi.
"Ndia ya treni hiyo," huwaambia wageni,
"na huyo ndiye abiria wa kwanza."

Mwezi wa Aprili tukaletewa Mwambingu,
mpanga mabehewa, miaka kumi na tisa stesheni ya Voi.
Alishuka na filimbi shingoni, vibendera viwili kwapani,
akauliza, "Mchepuko uko wapi?"
Tukamwonyesha sakafu ya saruji.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Mshahara unaingia, kazi haipo,
na mtu wa kazi akikaa huchacha.
Usiku mmoja, winchi zimelala,
akatoa chaki mfukoni
akachora reli mbili sambamba chini ya taa,
kutoka gatini mpaka choo cha madereva.
"Njoo, Binti Famau. Wewe ni meli."

Nikawa meli.
Nikashusha maboksi mia saba kwa pumzi moja.
Akanyoosha mkono: "Treni yangu hubeba mia na nane.
Hayo mengine yatalala wapi?"
Nikasema, yarundikwe.
"La kwenda mbali umeliweka chini kabisa,
nami nalitaka kwanza. Nani atafukua?"
Nikachelewa siku mbili. Mawimbi, nikajitetea.
"Mimi sina mawimbi. Nina saa.
Saa nne na robo napiga filimbi,
umefika, hujafika."
Nikamhesabia kwa boksi,
akanihesabia kwa tani juu ya ekseli.
Hati yangu ilisema mchele, yake ikasema nafaka,
na forodha, ambaye usiku ule alikuwa paka wa kantini,
akalala juu ya zote mbili.

Tuligombana kweli, tukapandishiana sauti,
watu wazima wawili juu ya unga wa chaki.
Ndipo nikajua kuwa hata ikija
itakuja na mizozo yake hii reli;
kuwa bahari na chuma ni wake wenza,
nyumba moja, saa mbili,
na kila mmoja humwita mwenziwe mzembe.

Alfajiri ikanyesha. Masika haina adabu.
Ilifuta njia yote,
kikabaki kipande tu cha mchepuko
kilichokingwa na tairi bovu.

Malori yakaja, kumi na manne,
yakapanga foleni kungoja askari wa kuyasindikiza hadi Garsen.
Nikavuta fomu. Kontena la vigae, la mtu wa Moyale,
limepakiwa lorini kama wenzake.
Meli, lakiri, uzito, mwenye mali.
Kwenye safu ya tisa mkono ukasita,
kisha ukaandika: 17.

Kompyuta ilifikiri kidogo.
Ikakubali.

Mwambingu alirudishwa Voi Julai, na vibendera vyake.
Kistari nimekirudia.
Lakini fungua kumbukumbu za mwaka ule uone:
boksi moja, vigae vya chooni,
liliondoka Lamu kwa treni.
Mpaka leo hakuna aliyeuliza
behewa la kumi na saba
lilivutwa na nini.