Maelezo ya Mchoro wa Tatu

Walimu wangu, naanza na radhi:
karatasi ina doa la kahawa
na pembe yake moja imeliwa na punda.
Punda huyo hakuwamo katika uchambuzi wa eneo.
Sasa yumo.

Eneo ni gofu, nyuma ya zahanati, Langoni.
Kuta tatu za matumbawe; ya nne iliporomoka
masika ya mwaka aliozaliwa kaka yangu.
Vidaka vingali ukutani, na katika kimoja
mtu ameweka chupa ya dawa ya kikohozi, tupu,
na kuifunika vizuri.
Kisima kipo. Maji yake nimeyaonja kiangazi,
nikayaonja baada ya mvua.
Chumvi ni ile ile.

Mlitufundisha: bustani ya kuponya
ina njia ya kuzunguka, ina kivuli, ina sauti ya maji,
ina viti vinavyotazamana ili watu wafarijiane.
Nikachora. Duara, walimu, duara la bikari,
na viti sita vikikabiliana
kama wazee wa posa.

Nikampelekea Mwanajabu binti Lali, mfagiaji wa wodi.
Akaishika juu chini, akaigeuza,
akaifuata njia yangu kwa kidole chenye harufu ya dawa ya sakafu.
"Na hapa," akauliza, "watu walie wapi?"
Nikamwambia si pa kulia, ni pa kupumzika.
Hakucheka. Angecheka ningestahimili.

"Miaka kumi na mmoja nafagia hapo.
Mtu akitoka mle ndani na jibu la daktari
haendi kutafuta kiti.
Huenda kwenye ukuta ule wa kibla, akaupa uso wake.
Ukuta hauulizi umeambiwaje.
Wewe mwanangu umemletea watazamaji watano."

Nikarudi na futi yangu.
Kimo cha sentimita mia moja arubaini na nane,
kimo cha paji la uso la mwanamke wa makamo,
jiwe limelainika.
Pembeni yake linakwaruza,
juu yake linakwaruza,
pale pana mng'ao wa mafuta ya nywele
na weusi kidogo, wa buibui labda.
Chini kabisa, alama nyingine, ndogo:
nadhani ni viganja vya watoto
waliosubiri mama zao wageuke.

Kwenye kipimo cha moja kwa mia
ukuta ni mistari miwili
na mtu ni nukta.
Nilikaa usiku kucha nikiitazama nukta.

Kwa hiyo, mabadiliko.
Mwasumini niliopanga utambae ukutani, nimeufuta.
Viti vimebaki vitatu, na kila kimoja kimepewa mgongo wa mwenzake.
Mrehani umo ndani ya madebe ya samli, karibu na mlango,
wauguzi wauchume wakitoka zamu ya usiku.
Lango halina mlango, kwa ajili ya punda:
mtoto wa Bwanaheri, aliyechomwa sindano,
alinyamaza ghafla kumwona akitafuna kazi yangu.
Sauti ya maji: bomba la wodi linavuja,
tone, kimya, tone.
Niliomba lisitengenezwe. Wamekataa, na wana haki.

Mtaona sehemu kubwa nyeupe mbele ya ukuta wa kibla.
Msiandike kwa kalamu nyekundu "haijakamilika".
Nimeipima mara nne.
Ni hatua sita za mtu asiyeona anakokwenda.

Jambo la mwisho halihusu mtihani.
Siku ya kupima, saa saba mchana, gofu likiwa tupu,
niliinama kidogo, kwa kuwa mimi ni mrefu,
nikajaribu.
Jiwe lina ubaridi. Lina harufu ya chokaa na ya watu.
Mama alikuwa na kimo hicho.

Alama kateni.
Ukuta msiupake rangi.