Mbili, Kimya, Moja

"Mimi? Na sauti hii ya chura?"
alisema Eduvina, msaidizi wa darasa,
akairudisha ngoma mezani, mzigo si wake.
Nje, mvua ya Valdivia, wiki ya tatu sasa.

Sikumfundisha noti.
Nilimwomba tu amsikilize Nahuel,
mtoto asiyesema, agongaye bomba la hita
kwa kijiko: mbili, kimya, moja.
"Hicho ndicho tunachomkataza kila siku."

Kisha akanyamaza.
Kidole chake, juu ya ngozi ya ngoma,
kikajibu: mbili, kimya,
moja.

Kijiko kikasita.
Nahuel akageuza shingo, taratibu,
akagonga tatu,
akangoja.

Eduvina akanitazama.
"Usinitazame mimi," nikamwambia.
"Umeulizwa wewe."