Ombi la Kufungua Tena Faili

Shefu wa kartye, mimi ni Nsimire wa avenyu ya chini,
nyumba ya mabati mekundu (yalikuwa mekundu),
hapa hapa Kadutu, mlima unapobebesha nyumba juu ya nyumba.
Jina la aliye juu yangu mnalo.
Mmeshaliandika mara tatu.

Machi: maji ya kufulia, yamemwagika paani. Dogo.
Aprili: jenereta, saa nane za usiku. Limesuluhishwa.
Limesuluhishwa na nani? Ningekuwa nimelala
ningesema lilipita nikiwa usingizini.
Sikuwa nimelala.
Mei: mawe. "Watoto wanacheza."
Juni karani hakuandika kitu.
Kalamu, alisema, imekauka.

Leo sikuja kulalamika. Kulalamika nimemaliza.
Nimekuja muyatazame malalamiko yenyewe,
na namna mlivyoyatazama.

Leteni yote mezani siku moja:
karatasi ya shefu wa avenyu,
karatasi ya polisi wa pale sokoni,
ya kamati ya usafi, waliopita wameziba pua.
Kila mmoja ana kipande chake,
kila mmoja aliona tone,
akasema, tone tu.
Chini ya paa nipo mimi.
Haba na haba, Shefu. Mwisho wake unaujua.

Hili hapa daftari. Ni la Ashuza, la darasa la nne.
Kurasa za mbele ni hesabu za kugawanya, zenye baki.
Za nyuma ni usiku wangu, nao una baki:
tarehe, saa, kilichoanguka, nani aliamka.
Palipoandikwa "hakuna" nilikuwa Walungu, msibani.
Sikutaka kumzulia mtu.

Wala sitaki Zihalirwa afungwe.
Siku nilipojifungua huyu wa mwisho
yeye ndiye aliyenipandishia bidoni mbili za maji,
mvua inanyesha, ngazi zote tope.
Sijui ni lini maji yake yalianza kushuka kwa hasira.
Labda hilo nalo muulize. Mimi sikuulizwa,
yeye hakuulizwa.

Mkikataa, andikeni kwamba mmekataa.
Andikeni sababu, na jina la aliyekataa, na muhuri usiofifia.
Nitapanda nayo mpaka komini;
miguu ya kupanda ninayo, nimezaliwa Bukavu.

Karani anapapasa mezani, anafungua droo.
Usihangaike, baba.
Nimekuja na kalamu mbili.