Konzi ya Mchele

Mwaka ule mianzi ilichanua.
Baba akalaza panga begani, akatazama juu, hakusema neno,
maana kwetu, kwenye milima ya Wamizo, mwanzi hauna maua ya furaha:
huchanua mara moja tu, ukienda kufa,
na mbegu zake huita panya.

Waliteremka usiku.
Nilisikia kama mtu anapepeta nafaka gizani, bila kuchoka,
na kulipokucha mpunga wetu ulikuwa mabua,
yamesimama wima kama watu walioibiwa
wakaona haya kupiga kelele.

Serikali ilinunua mikia.
Kaka yangu Zochhuana aliifunga mafungu mafungu kama mboga,
akaipeleka ofisini, akarudi na sarafu,
na dukani hamna kitu.

Mama alikuwa na kopo la bati kando ya meko.
Kila alipopika, kabla maji hayajatokota,
alichota konzi moja ya mchele, akaimimina humo: ya Mungu.
Jumamosi Bi Hrangkimi alipita na kikapu
kukusanya konzi za kijiji kizima.

Njaa haikuifuta konzi ile. Iliikondesha.
Ikawa kiganja cha mtoto, ikawa ncha za vidole vitatu,
nasi tukiitazama ikiingia koponi
kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka.

Mhubiri alitusimulia habari za mjane na pipa lisiloisha.
Letu liliisha.
Nasema hivyo kwa kuwa nililikwangua mimi,
kule chini kabisa, kwa kucha.

Zochhuana alikufa mwezi wa pili wa mvua, ana miaka tisa,
tumbo limejaa viazi mwitu ambavyo havikuiva.
Usiku wa maziko Mama akalishusha kopo,
akaupika mchele wa Mungu wote, akatupakulia.
"Kuleni," akasema. "Yeye keshachukua cha kwake."

Tukala. Ulikuwa mtamu.
Hilo nalo sijui nilipeleke wapi.

Ngoma ya kanisa ikalia Jumapili tano;
Mama yuko msituni, anachimba mizizi.
Usiku hakusali. Alikaa tu, taa inawaka,
kama mtu anayemgojea mdeni wake mlangoni.

Jumamosi Bi Hrangkimi akaja. Mama akamwinamishia kopo:
tupu, limesuguliwa.
Yule bibi hakutaja subira, hakutaja mapenzi ya Mungu.
Akaegemeza kikapu, akamimina,
akasema, "Zamu yenu," kisha akaondoka upesi
asije akashukuriwa.

Mama akaketi na ungo kuchambua mawe.
Akaanza kuzitambua nyumba:
mwekundu huu wa Lalzuii, mjane wa kule juu;
huu wenye makapi wa Thangkunga, macho yake yamepungua;
chenga hizi, za nyumba ile waliyozika wawili.
Alitaja majina mpaka sauti ikakatika.
Sikujua kama analia au anasali.
Nadhani hata yeye hakujua.

Kisha akachukua punje tatu, nilizihesabu,
akazitia koponi.

Njaa haikuondoka kwa ajili ya hilo. Mdogo wangu aliugua,
na Baba, aliyeshuka bondeni kutafuta msaada,
alirudi bila mchele, bila viatu.
Mungu hakueleza kitu. Hajaeleza mpaka leo.

Sasa mimi ni mzee, nanunua mchele kwa gunia.
Mianzi imekwisha kuchanua tena, nikaiona, nikafunga dirisha.
Wajukuu huniuliza niliwezaje kuamini baada ya yale.
Sina hoja. Nina sauti ya bati:
ti.
ti.
Halafu kimya kirefu, Mama ameishikilia ile ya mwisho
kati ya vidole,
halafu
ti.